Mabehewa ya Daktari wa Meno

Jua lilikuwa linazama mke wangu aliponituma nirudishe pasi kwa kaka yangu. Tuliiazima asubuhi, maana yetu ilikuwa imeungua waya. Ni nyumba tatu tu kutoka kwetu. Nikavuka barabara huku najisemea moyoni: mpe pasi yake, msalimie, geuza. Usiangalie kazi yake.

Nilijua nitaangalia.

Mimi na kaka ni mapacha. Alinitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi, na tangu siku hiyo hajaacha kunitangulia. Kazi yetu ni moja pia. Tunapaka rangi treni ndogo za mfano, zile ambazo watu wazima wenye nafasi zao huzipanga kwenye reli za mezani na kuzizungusha wakifurahi kama watoto. Mteja anakuletea behewa la plastiki linang'aa kama sahani mpya. Unalisugua kwa msasa, unalipaka upya ubao kwa ubao kwa brashi karibu kavu, mpaka anayelitazama aape kwamba ni mbao. Halafu unalichakaza. Kutu kidogo kwenye magurudumu, vumbi pembeni, michirizi ya mvua chini ya madirisha. Kitu kinachotosha kiganjani kiwe kama kimesafiri miaka sitini.

Mimi nilikuwa fundi mzuri, sijisifu. Ila wateja wakiona kazi yangu walisema, "Umepaka vizuri." Wakiona ya kaka walisema, "Mbao hii umeipata wapi?"

Maneno hayo mawili yalikuwa yananikosesha raha mezani, kitandani, hata bafuni.

Mwezi ule daktari wa meno mmoja mstaafu alitugawia mabehewa sita, matatu kwangu, matatu kwa kaka. Yeye ndiye aliyekuwa anapanga maonyesho kwenye ukumbi wa stesheni ya zamani. Atakayemridhisha zaidi angepewa kupaka, baada ya ufunguzi, treni yote ya maonyesho, mabehewa arobaini, na jina lake kwenye kibao mlangoni. Nililitaka jina lile kwenye kibao kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nilimkuta shemeji uani anaanua nguo.

"Ingia tu, shemeji. Yuko na vitreni vyake," akasema. "Labda wewe utamtoa. Mimi kanishinda."

Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi kidogo. Nikataka kubisha. Mkono ukabaki hewani.

Harufu.

Haikuwa ya rangi wala vanishi. Ilikuwa harufu ya mbao kuukuu iliyonyeshewa, ya grisi, ya jasho la watu wengi waliokaa karibu karibu safari ndefu...

Kaka alikuwa amenipa mgongo. Mbele yake behewa moja, na kando yake kichupa cheusi, kidogo kama cha dawa ya macho. Akachovya brashi. Akaisogeza mdomoni, akanong'ona:

"Chukua mmoja."

Kisha akapitisha brashi juu ya ubao mmoja, mara moja tu.

Kraaak...

Plastiki ikalia kama mlango wa zamani. Nikaona kwa macho yangu mishipa ya mbao ikijichora yenyewe, ufa mwembamba ukafunguka, rangi ikapauka kama iliyopigwa na jua miaka na miaka. Mimi ubao kama ule ungenichukua siku nzima, na usingefanana.

Sikuogopa. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilisikia moto kifuani na wazo moja tu: kumbe! Kumbe si mkono wake. Ni chupa!

Nikakohoa. Kaka akashtuka, akakifunika kichupa kwa kitambaa. Alipogeuka nikauona uso wake kwenye mwanga wa taa. Tulikuwa na miaka arobaini na mmoja, lakini asiyetujua angedhani ni baba yangu. Mvi kichwa kizima, ngozi ya shingo imelegea. Siku zote nilidhani ni kukesha tu.

"Pasi yenu," nikasema.

Akaipokea, akaenda kuiweka chumbani. Nilihesabu hatua zake. Alipofika ya saba, kichupa kilikuwa mfukoni mwangu.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu. Hakukaa.

"Mdogo wangu, jana hukuona chupa pale mezani?"

"Chupa gani?"

Akanitazama machoni. Ungedhani anaagana nami.

"Ukiiona," akasema taratibu, "usiifungue. Nakuomba."

Aliponipa mgongo tu, nikaifungua.

Ndani hamkuwa na rangi niliyoijua. Mlikuwa na kitu kizito, cha kahawia, cha uvuguvugu. Nikachovya. Nikanong'ona kama nilivyomsikia, "Chukua mmoja," nikagusa ubao wa kwanza.

Kraaak...

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Siku ya kwanza nilimaliza behewa zima. Siku ya pili nikamaliza la pili. Mke wangu alipita, akasimama, akasema, "Hee! Hii mbao umeipata wapi?" Nikashikwa na machozi. Sikujali kwamba sauti yangu inakauka kwa kunong'ona.

Siku ya tatu, alasiri, shemeji akaja mbio, kanga imemvuka begani.

"Njoo umwone kaka yako. Sielewi... Jana alishindwa kupanda ngazi. Leo meno yamemtoka. Mawili, akiwa anakunywa chai. Hata hayakuuma."

"Nakuja," nikasema. "Namalizia kazi kidogo."

"Shemeji, nimesema meno yamemtoka!"

"Nakuja!"

Alipoondoka nikabaki nimekitazama kichupa. Nitasema kweli, maana nikificha hili hadithi yote ni uongo. Nilielewa. Si yote, lakini nilielewa kiasi cha kutosha kuweka brashi chini. Nikayakumbuka maneno. Chukua mmoja. Mmoja wa nini? Nikaukumbuka uso wake wa kizee.

Behewa la tatu lilikuwa limebakiza mbao tano.

Nikazimaliza.

Nilipofika kwake giza lilikuwa limeanza kuingia. Kwenye kitanda cha kaka alikuwa amelala mzee. Mikono kama vijiti, macho yamezama. Nilitaka kumwuliza shemeji huyu ni nani. Kisha mzee akanitazama, na macho yale yalikuwa yale niliyozaliwa nayo mimi.

"Mbao ngapi?" akauliza. Sauti kama karatasi.

Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ngapi, mdogo wangu?"

"Thelathini na moja."

Akafumba macho. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Nilipewa na seremala wa karakana ya reli," kaka akanong'ona. "Mzee mno, anatembelea fimbo. Aliniambia ana miaka thelathini na nane. Nikamcheka." Akapumzika. "Chupa inamjua aliyepewa. Hata akipaka mwingine, inachukua mwaka kwangu. Wewe hukupewa. Umeiba tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeiomba. Na mimi siwezi kukunyima kitu."

Nilitoa kichupa mfukoni kumrudishia. Kilikuwa kikavu, kama hakijawahi kutiwa kitu. Njiani kurudi nikakitupa kwenye shimo la taka zilizokuwa zinaungua, nikasimama hadi nikasikia kimepasuka.

Daktari wa meno alinichagua mimi. Siku ya ufunguzi, saa nane mchana, ukumbi ulijaa watu. Jina langu lilikuwa kwenye kibao. Mabehewa yangu matatu yalizunguka ndani ya kabati la kioo na watu walikuwa wanasukumana kuyaona. Daktari akanishika mkono.

"Nimeng'oa meno miaka thelathini," akasema, "najua kitu kizee kikoje. Hiki ni kizee kweli. Na hawa abiria umewawekaje? Mbona hukuniambia?"

"Abiria?"

Sikuweka abiria. Ndani mlikuwa mtupu.

Nikainama, nikaweka jicho karibu na kioo. Treni ikapunguza mwendo kwenye kona...

Dirisha la kwanza alikaa kaka. Mdogo kama punje ya mchele, lakini kaka. Anacheka.

Dirisha la pili, kaka. Mnene kidogo.

La tatu, kaka amempakata mtoto. Hana mtoto kaka. Walikuwa wanamwomba Mungu.

Behewa la pili, mtoto yule amekua, amevaa sare ya shule, amelaza kichwa begani kwake. Dirisha baada ya dirisha, mwaka baada ya mwaka, wanasafiri. Shemeji yupo, mvi zinamwingia polepole. Dirisha la mwisho la behewa la tatu alikaa kaka mzee, mzee wa haki yake, ametulia, anatazama nje.

Ananitazama mimi.

Nikaruka nyuma nikamkanyaga mtu. Nilipochungulia tena, madirisha yalikuwa matupu. "Wameshuka?" daktari akauliza, akicheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza kama mwingine yeyote amewaona. Akasema msichana anayefagia ukumbi huwaona kila jioni tangu mabehewa yawekwe pale, na huwapungia mkono.

Huu ni mwezi wa nne tangu ufunguzi. Kaka hajafa. Nimepaka mabehewa tisa kati ya yale arobaini, na daktari ameyarudisha yote. "Umepaka vizuri," ananiambia, "lakini..."

Jana jioni nilikwenda kumwona. Shemeji siku hizi hanisemeshi. Alinifungulia mlango akarudi jikoni. Kaka alikuwa amekalishwa kitini karibu na dirisha, behewa moja la plastiki mapajani. Aliomba mwenyewe, nikasikia. Kwenye kigae cha kuchanganyia kulikuwa na rangi ya kawaida, ile ile ninayonunua mimi dukani. Mkono wake ulikuwa unatetemeka hivi kwamba brashi ilikuwa inagonga ukingo wa kigae, tik tik tik.

Akagusa ubao.

Mkono ukatulia.

Nilisimama nyuma yake, nikaona mishipa ya mbao ikitoka kwenye ncha ya brashi, fundo moja pembeni, ufa mmoja ulipotakiwa kuwa ufa. Hakunong'ona kitu. Hapakuwa na harufu wala mlio. Mkono tu. Mbao ile ilikuwa nzuri kuliko zile thelathini na moja zote.

Ningepaswa kupiga magoti. Ningepaswa kulia, mtu nimemla kaka yangu akiwa hai. Badala yake moto ule ule ukapanda kifuani, nikajikuta mkono wangu umeingia mfukoni, vidole vinapapasa, vinapapasa...

Kaka hakugeuka.

"Usiitafute," akasema.

Sikuutoa mkono.