Mashine Ilikula Vidole Vyangu, Wakampiga Gadiel

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umenaswa ndani ya mashine, na mtu niliyemwamini kuliko wote pale dukani alisimama na kidole juu ya kitufe chekundu... ananitazama.

"Gadiel, zima!"

Haikuzimika. Nikasikia mfupa unavunjika, ndugu zangu. Mfupa wangu mwenyewe!

Halafu Gadiel akageuka, akakimbia nje.

Nyie mnaoniuliza kila siku inbox kwa nini mkono naufunga kitenge, kaeni. Leo nasema yote.

Naitwa Jackline. Mimi na mume wangu Brian tuna duka la kuprinti fulana Sakina, barabara ya Nairobi. Tulianza na meza ya mbao na Gadiel, kijana wa Kimeru kutoka Akheri. Anavuta wino kwa raba, rangi moja moja, mpaka shati limelowa jasho.

Mwaka jana tukaleta mashine ya otomatiki. Aisee... vibao vinazunguka vyenyewe, rangi zinapigwa zenyewe. Wewe kazi yako ni kuvalisha fulana kwenye kibao, mwenzako anavua upande wa pili. Na ina jicho la umeme. Ukipitisha mkono pabaya, mashine nzima inasimama.

Brian hilo jicho alilichukia kufa. Fulana ikining'iniza mkono wake tu, jicho linadhani ni mtu, kazi inasimama.

Gadiel naye alilalamika, ila yeye mashine yote hakuitaka. Mtaani wakasema anaogopa kukosa kazi, ipo siku atafanya kitu. Nami, pamoja na kumwamini kote, nikaanza kutia shaka, maana umbea mtamu jamani.

Siku hiyo tulikuwa na kazi ya msiba. Mzee mmoja wa Akheri anazikwa kesho yake, ukoo mzima unataka fulana zenye picha yake. Mnajua huku kwetu, harusi inaweza kuahirishwa, mazishi hayamsubiri fundi. Wafiwa wamekaa kwenye benchi wanatuangalia, na mashine inasimama, inasimama tena.

Nikatoka kunywa chai. Niliporudi, mashine inakimbia vizuri kabisa. Brian akaniambia amefuta vumbi kwenye jicho. Nikamshukuru, mjinga mimi!

Fulana moja ikajikunja. Nikapeleka mkono niinyooshe, nikijua jicho litaniona.

Halikuniona.

Gadiel alipokimbia nje, mashine ikasimama ghafla. Nosim, binti anayevua fulana, akauchomoa mkono wangu. Vidole viwili vilikuwa vinashikiliwa na ngozi tu. Damu imeruka mpaka kwenye fulana nyeupe, imemfunika marehemu uso.

Brian akatoka mlangoni na sauti ya kuamsha mtaa.

"Mkamateni huyo, amemuua mke wangu!"

Sakina, ndugu zangu. Gereji na bodaboda kila kona. Hakuna aliyeuliza swali hata moja...

Nilijikokota nje nimeuviringisha mkono kwenye fulana. Gadiel yuko mtaroni, amejikinga kichwa kwa mikono, na mtu anaipiga ile mikono kwa bomba la chuma. Nikasikia mlio uleule niliousikia ndani ya mashine. Boda mmoja tayari ameshika chupa ya petroli.

Sitawadanganya. Maumivu yale yaliniambia wacha wammalize.

Brian alikuwa mbele ya wote. Anamkanyaga mbavu huku anawaeleza watu kwamba huyu mshenzi ameunganisha waya wa jicho makusudi ili lisione, kwamba ameionea mashine wivu tangu inaletwa.

Nosim akapita katikati ya watu, akasimama juu ya Gadiel. Nosim huyu ni mpole, hata salamu anaitikia kwa kunong'ona.

"Kaka Brian, umejuaje kama ni waya?"

Brian akashusha mguu.

"Kifuniko cha jicho kimefungwa skrubu mpaka sasa. Tangu dada aumie hakuna aliyekigusa. Umejuaje kilichomo ndani?"

Bomba likashuka. Gadiel akatema damu, akanitafuta kwa jicho moja, lile lingine limevimba limefunga.

"Kitufe kiligoma, dada. Nikawahi swichi kubwa."

Swichi kubwa iko ukutani, nje, pale kwenye mita. Nikageuka kutazama duka. Taa zote zimezimika. Feni imesimama.

Hakukimbia! Alikata umeme ili nipone.

Nikamwangalia mume wangu. "Brian, ni wewe?"

"Jackie, nilitaka kazi iishe tu. Sikujua kama nikiunganisha ule waya na kitufe kitakufa."

Nilimwamini, na bado namwamini, hakutaka kuniumiza. Lakini alipoona damu yangu, akachagua haraka mtu wa kuilipia. Hilo ndilo lililoniua.

Yule wa petroli akaanza kumsogelea Brian. Nikaingia katikati na mkono wangu unaovuja. Nikawaambia damu ya leo inatosha, mpelekeni kituoni akiwa mzima. Wakampeleka.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja kutoka Machame na jani la isale. Sisi Wachaga ukiletewa isale, hukatai kusamehe. Alitaka nifute kesi, mambo yaishe kifamilia.

Nikamwamkia kwa heshima, nikamwambia amekosea mtu. Nikampeleka wodini kwa Gadiel. Wameru nao jani hilo wanalijua vizuri.

Mama wa watu akapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, akamnyooshea jani.

Gadiel akaliangalia. Kisha akaiangalia mikono yake miwili, plasta mpaka mabegani.

"Shikamoo mama. Isale inapokelewa kwa mkono. Mwambie Brian asubiri mikono yangu ipone."

Mama mkwe akalia. Nikalia naye. Kesi sijaifuta.

Ndugu zangu, siku ukimsikia mtu wa kwanza kupiga kelele "huyo, mkamateni", usiokote jiwe. Muulize yeye kwanza amejuaje.