Mti Uliojibu

Mti ulikatwa mpaka mwisho, lakini haukuanguka. Ulibaki umesimama juu ya kisiki chake, umeubana msumeno wa petroli kama fisi na mfupa. Wahabu akauachia, akarudi nyuma, akatazama juu. Upepo haukuwepo. Majani yalikuwa yanatikisika.

"Shemeji," Ocama akasema, "mti yako imekataa."

"Iko inafikiri tu."

Mjini Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, siri hazikai, kwa hiyo kila mtu alijua msumeno ule ni wa Jada, fundi aliyesomea kazi, na kwamba Jada alikuwa mazishini Ediofe tangu juzi. Walijua pia kwamba Scovia, mke wa Wahabu na dada yake Ocama, alikuwa na matofali mabichi uani na mvua imeshanukia. Bila kuni za kuyachoma leo, kesho yangekuwa tope.

Wahabu ndiye aliyekuwa akimbebea Jada petroli. Kazi ameiona mara nyingi. Ameiona hata ile desturi yake: kabla ya kuwasha injini, Jada hugonga shina kwa mgongo wa panga, ko, ko, ko, kisha hunyamaza. Wahabu aliamini fundi anamwomba ruhusa yule akaaye ndani ya mti. Basi naye akagonga mara tatu, akasema bismillahi, akawasha. Shina lilikuwa limelia kama ngoma. Alifurahi, akadhani wamekaribishwa.

Sasa mti ukageuka. Haukwenda bondeni walikotaka. Ulizunguka polepole, kama mtu aliyeitwa jina kutoka nyuma, ukamwelekea Ocama. Alikimbia, mmea wa kutambaa ukamnasa, akaanguka. Ardhi ikaruka. Halafu kimya, hata ndege hakulia.

"Mguu iko?" Ocama aliuliza, uso kwenye majani.

"Iko."

"Wewe unadanganya."

"Iko, shemeji. Mimi naangalia hiyo mguu."

Gogo lilikuwa limemlalia chini ya goti. Tawi moja tu, lililopinda kama upinde, ndilo lililozuia uzito usimmalize. Wahabu alipotia bega, tawi lilisema *kra*.

"Acha. Usiguse tena."

Simu ilikuwa imekamata mtandao wa Kongo, haikupiga popote. Wahabu alimfunga paja kwa shati, akamsogezea kibuyu cha maji, akampa panga.

"Kunywa kidogo kidogo. Gonga hii gogo. Nikirudi na watu, nitafuata sauti."

"Na kama nikilala?"

"Ukilala, Scovia atanifukuza nyumbani. Gonga."

Mvua ikaanguka kabla hajafika mbali. Shina hili na lile yakawa ndugu. Nyuma yake, ko, ko, ko. Akaenda akiuacha mlio mgongoni, mpaka akatokea barabara ya Arua, matope magotini. Siraji wa bodaboda alikuwa amesimama kujikinga mvua, na nyuma yake ameketi Jada mwenyewe, bado na kanzu ya msibani. Jada hakugomba. Alitazama mikono mitupu ya Wahabu, akamtuma Siraji akaite wanaume wenye mtaimbo.

Msituni, wanaume wakiwafuata, Wahabu alionyesha kushoto. Mlio ulitoka kulia. Kisha kushoto. Kisha kote kuwili, ukipokezana.

"Hii ya kulia ni nzito," Jada alisema. "Ile nyembamba ni ya mutu. Twende kushoto."

Walimkuta Ocama midomo imekuwa ya kijivu, mkono ungali unapanda na kushuka. Jada aliegemeza magogo mafupi chini ya shina kwanza, huku na huku, ndipo mtaimbo ukaingia. Mguu ukatoka, mzima nusu.

"Mimi nilikuwa nagonga," Ocama alinong'ona. "Nani alikuwa anajibu?"

Wanaume wale wakaanza kutafuta kamba ambayo hakuna aliyeihitaji.

Jada alichungulia kisiki. Katikati palikuwa shimo jeusi, pana kama sufuria ya harusi.

"Wahabu, ulidhani mimi nabisha hodi? Nagonga nisikie. Ikilia kama ngoma, imeoza ndani, haijui itaangukia wapi. Hiyo tunaacha."

Matofali ya Scovia yaliyeyuka. Ocama alirudi kutoka hospitali ya Arua akichechemea, akiwachekesha wageni waliojaa nyumbani kwa kusema shemeji yake alimwoza kwa mti. Wahabu hakucheka. Alimwomba Jada amfundishe tangu mwanzo, na mwezi wa kiangazi wakarudi msitu uleule.

Alichagua shina zuri, lililonyooka. Akagonga mara tatu, akasikiliza kama alivyofundishwa.

Alihesabu milio minne.

Akamtazama Jada. Jada alikuwa ameshaubeba msumeno begani, anaelekea barabarani.