Usijibu Bata Wakiatamia

Saa kumi na mbili jioni Ingunn alichukua ndoo akaenda kisimani kuteka maji ya kahawa. Jioni kwa jina tu. Mwezi wa sita kwenye visiwa vile vya nje, kaskazini kabisa mwa dunia, jua halina haraka ya kuzama, na usipotazama saa utajikuta hujalala siku mbili.

Alitembea kama alivyofundishwa: polepole, kandokando ya ukuta, akiwasemesha bata kwa sauti ya chini.

"Ni mimi tu, mama. Kaa. Kaa hivyohivyo."

Kila jike alikuwa ndani ya kijumba chake cha mawe, ameatamia mayai juu ya manyoya laini aliyojinyonyoa kifuani mwenyewe. Viota mia moja na arobaini na sita. Hiyo ndiyo kazi aliyokuja kujifunza Skarvholmen kwa msimu mmoja: kuwakinga bata wa bahari na shakwe na fisi maji, kuhesabu, kuandika, hadi wakiondoka na manyoya yao yakusanywe yauzwe. Walikuwa wawili tu, yeye na bibi Bergljot, mlinzi wa kisiwa. Kumfikia mtu wa tatu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa boti.

Ndoo ilikuwa haijagusa maji ukungu ulipoingia.

Ulikuja wote kwa mkupuo. Ukameza gati, ukameza mawe ya ufukweni, ukaja na harufu. Mwani uliooza. Na sufu iliyolowa, kama soksi zilizosahaulika ndani ya kiatu.

Bata wakalaza shingo chini. Wote. Kwa pamoja.

Kisha huko baharini mtu akapiga kelele.

Mara moja tu. Ndefu… ikakatika kama iliyozibwa kwa kiganja.

Ingunn akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Bergljot alikuwa anafuma soksi karibu na jiko la kuni. Alikuwa na miaka sabini na moja, na mdomo usio na breki. Siku ya kwanza tu alimwambia Ingunn ajisuuze sabuni yake ya mjini mpaka harufu iishe mwilini, maana ananuka kama duka na bata watapiga chafya. Leo hakutania.

"Funga mlango."

"Kuna mtu kule nje, bibi. Ameita."

"Hakuna mtu. Funga mlango, mwanangu, ukae."

"Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Na mimi nimesikia. Sina uziwi." Sindano hazikusimama. "Nilikwambia masharti ulipofika, nikaacha moja kwa sababu nyie wasomi mnacheka. Vaa nguo zilezile msimu mzima. Usianike nguo nje. Usipaze sauti. La nne ni hili: bata wakiatamia, anayeita kutoka kwenye ukungu hajibiwi."

"Kwa nini?"

"Ukipaza sauti, bata wote wanaruka, na shakwe wanakula mayai kabla hujavaa viatu. Hiyo ni sababu ya kuandika kwenye daftari lako." Akavuta uzi. "Nyingine ni draug. Aliyezama akakosa kaburi. Hulia kama mtu, apate kujibiwa. Ukimjibu umemwonyesha mlango. Mama yangu hakujibu. Bibi yangu hakujibu."

Ingunn aliweka ndoo chini. Hakukaa.

"Mwaka jana," alisema, "tarehe tisa mwezi wa sita. Ilikuja sauti?"

Sindano zikasimama.

Hapa niseme wazi, maana mambo ya kuzungukazunguka siyapendi: Ingunn hakuja kwa ajili ya bata. Mwanagenzi wa msimu uliopita alikuwa kaka yake, Sjur. Alitoka na boti ndogo kuhesabu viota kwenye mwamba wa nje, na kesho yake boti ikaonekana imepinduka. Mwili haukupatikana. Ingunn alijiandikisha kwa jina la ukoo wa mama yake ili asijulikane. Alitaka kitu kimoja tu: kujua kaka yake alikufaje, na kama kulikuwa na mtu ambaye angeweza kumwokoa.

"Nilikujua uliposhuka kwenye boti," Bergljot alisema. "Masikio yako ni ya kwake, yamekaa kama vipini vya sufuria. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Basi nakuuliza."

Bibi akaweka soksi mezani. Akainyoosha kwa kiganja, kama inayotaka kuuzwa.

"Kulikuwa na ukungu kama huu. Nilikuwa kwenye kiti hiki. Nilijua ametoka, lakini nilidhani ameshapanda mwambani anangoja ukungu upite, kama nilivyomfundisha. Ikaja sauti. Nikasema, ndiyo huyo, draug. Nikakaa kimya."

"Aliita mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Muda gani?"

"Ingunn…"

"Muda gani, bibi!"

"Kahawa yangu ilipoa. Nikaipasha. Ikapoa tena."

Kuni zikapasuka ndani ya jiko.

"Alikuwa anasema nini?"

"Jina langu." Bergljot alisema kama anatema kitu. "Tulilelewa hivyo, kwamba yule wa majini anayajua majina yetu. Mwisho alikuwa ananiita mama."

Hapo ndipo sauti ikaja tena.

Karibu zaidi.

"Bergljoooot…"

Ilikuwa sauti ya Sjur. Sauti ileile iliyokuwa ikimwita Ingunn aje kula, iliyoimba vibaya bafuni mpaka majirani wakagonga ukuta.

Ingunn akaukimbilia mlango. Bibi akamshika kiuno, na mikono ile ya kizee ilikuwa na nguvu ya kuvuta boti.

"Bata mia moja na arobaini na sita!" alinong'ona. "Msimu wote!"

"Mimi nilikuwa na kaka mmoja."

Akamsukuma. Akatoka nje. Akapiga kelele kwa pumzi yote aliyokuwa nayo tangu mwaka jana.

"SJUR! NIKO HAPA!"

Hakuna bata aliyeruka.

Hata mmoja. Walikaa shingo chini, macho wazi, kama vile hakuna kilichosemwa.



Kisha hatua kwenye kokoto. Nzito, zenye maji. Chwap. Chwap. Zikasimama pale ukungu ulipoanza, hatua ishirini kutoka mlangoni. Umbo halikuonekana. Ile harufu tu.

"Bergljot yupo?"

"Sjur, ni mimi. Ingunn. Nimekuja kukuchukua. Mama bado anakuwekea sahani…"

Maji yakadondoka. Tone. Tone.

"Bergljot yupo?"

Sauti ileile, kipimo kilekile. Hakumjua. Au alimjua, na hakuwa na haja naye. Ingunn alivuka bahari kwa ajili yake, alikula samaki wakavu majuma matatu, alivaa suruali moja mpaka ikasimama yenyewe, na kaka yake alikuwa na swali moja tu, la mtu mwingine.

Alilia bila sauti, pale pale, kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Bergljot akatokea nyuma yake. Amevaa koti lake la kazi, amefunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Nipo, mwanangu," alisema kuelekea ukungu. "Nilikuwepo."

Akaanza kwenda. Ingunn akamdaka mkono wa koti. Bibi akageuka, akamtazama, asijivute. Alisimama tu, anangoja. Uamuzi akamwachia yeye.

Ingunn aliwaza kahawa iliyopoa mara mbili.

Akafungua vidole.

Ukungu ukammeza bibi baada ya hatua ishirini. Baadaye zikasikika sauti mbili huko gatini, za chinichini, kama watu wanaokumbushana habari za zamani. Ingunn akisogea kusikiliza, zinanyamaza. Akisimama, zinaendelea. Mara moja Sjur alicheka. Kile kicheko chake cha puani.

Kisha kitu kizito kikaingia majini, bila papara.

Na baada ya muda, mbali kabisa, mwanamke mzee akaita mara moja.

"Ingunn!"

Mdomo wa Ingunn ulifunguka. Nakuapia ulifunguka. Lakini hakuna kilichotoka.

Asubuhi boti ya Bergljot ilikuwa bado imefungwa gatini. Askari wa majini, walioambiwa na Ingunn kwa redio kwamba bibi ameteleza gatini, walifika adhuhuri, vijana wawili wapole. Walipita kila mwamba, wakapiga mbizi, wakakunywa kahawa. Mkubwa wao alifungua daftari.

"Dada, bibi alipoteleza, ulimsikia akiomba msaada?"

"Ukungu ulikuwa mzito," Ingunn alisema.

Akaandika hivyo. Akamwambia afunge virago waondoke pamoja.

"Siwezi. Bata wameatamia. Kuna siku kumi na mbili bado, na aliyebaki wanayemjua ni mimi."

Hakudanganya hapo. Mayai yalianguliwa karibu yote, msimu mzuri kuliko yote yaliyomo kwenye madaftari ya nyumba ile. Aliandika idadi chini ya mwandiko wa Bergljot. Aliwaangalia majike wakiwaongoza vifaranga majini, msafara baada ya msafara, hadi vijumba vyote vikawa vitupu na hakuna tena sababu ya mtu kunyamaza kisiwani.

Jioni ya mwisho ukungu ukarudi. Ingunn akaenda hadi mwisho wa gati, miguu ikigusa maji. Akamwita kaka yake. Akamwita bibi. Akaita mpaka sauti ikakauka, na yeyote ambaye angekuja, awe mtu au draug, Ingunn angemfuata.

Bahari ilikaa kimya, kama mtu aliyesikia vizuri sana, akaamua kutojibu.