Fimbo ya Kusikilizia Maji

Rejeta ilipasuka saa nne asubuhi, katikati ya uwanda usio na kivuli cha kumtosha hata mbuzi, kwenye njia ya mkato ambayo Mchungaji alisema Mungu amemwonyesha.

Dereva alifungua kifuniko kabla injini haijapoa. Mvuke ukamrukia shingoni na kifuani, akaanguka akijikunja kama karatasi motoni. Shemeji yake, mjane wa kaka yake, akapiga magoti kumvua shati.

"Leta maji," alisema bila kugeuka.

Hayakuja. Alipotazama, Mchungaji alikuwa amefumba macho, analiombea gari kwa sauti huku akimimina dumu zima la maji ya kunywa ndani ya rejeta. Kadiri yalivyoingia juu ndivyo yalivyotokea chini. Aliposema amina na kufumbua macho, mchanga ulikuwa umeshayanywa.

"Mungu atatoa mengine," alisema.

"Alikuwa ametoa hayo," alisema mjane.

Simu hazikushika mtandao. Nyuma ya pikapu kulikuwa na spika mbili kubwa ambazo Mchungaji alikuwa akilipelekea kanisa la tawi, na begi la marehemu ambalo mjane alikuwa akimpelekea mama mkwe: mashati mawili, Biblia, na fimbo ya chuma yenye kisahani cha mbao kichwani. Mumewe alizikwa wiki tatu kabla. Mama mkwe alibakiwa na mwana mmoja tu, naye ndiye huyu aliyelala sasa chini ya gari, kifua kimejaa malengelenge.

Kutwa nzima halikupita gari. Mchungaji aliunganisha spika kwenye betri akaanza kuomba, vichaka vikatetemeka, ndege wakahama. Betri ilipokufa aliendelea na koo lake. Asubuhi ya pili sauti yake ilikuwa kama msumeno kwenye bati, lakini hakuacha.

Dereva alikuwa na homa. Midomo yake ilipasuka. "Shemeji," alinong'ona, "nikifika kwa Mungu nitamuuliza kama naye anapata usingizi."

"Huendi popote. Mama yako hatazika wana wawili mwezi mmoja."

"Basi mwambie huyo apumzike."

Mjane alisimama ili asilie mbele yake. Hapo ndipo alipoviona, mbali upande wa kulia: vinguzo vifupi vya zege vyenye vichwa vyeupe, vimepangwa mstari mmoja hadi upeo wa macho. Mumewe aliwahi kumwonyesha vya namna hiyo. Palipo na vinguzo, chini yake linapita bomba kuu.

Mumewe alikuwa fundi wa idara ya maji, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Alikuwa akitembea na fimbo ile mitaani kabla watu hawajaamka, ncha kwenye chuma cha valvu, kisahani sikioni, akitafuta bomba linalovuja chini ya lami. Alipotaka kimya hakusema neno. Aliinua kiganja, wazi, usawa wa bega, na wachimbaji wote wakaacha majembe. Hata mlinzi wa jirani alizima redio. Nyumbani, kabla ya chai, alikaa nusu saa na Biblia imefungwa gotini. Mkewe akiingia na maneno, kiganja kinapanda.

"Kwani Mungu naye bomba bovu?" alimtania siku moja.

"Bomba bovu ni mimi," alijibu. "Yeye ndiye mwenye fimbo."

Mjane alichukua fimbo na dumu tupu. Mchungaji akamfuata akiomba, akipiga makofi kila hatua ya tatu. Kwenye kinguzo cha kwanza palikuwa na kisanduku cha zege chenye mfuniko wa chuma uliofungwa kwa kufuli. Katikati ya mfuniko kilichomoza kichwa cha chuma cha valvu. Aliweka ncha pale, akabana kisahani sikioni. Alisikia makofi. Akasikia "Bwana, Bwana, Bwana." Chini yake, labda, kitu kinachovuma. Alidhani kinatoka kushoto. Wakatembea kushoto saa nzima, jua likiwachoma utosini, na kwenye visanduku vitatu hapakuwa na kitu ila chuma kimya. Waligeuka. Saa ile ilikuwa ya shemeji yake, nayo imepotea.

Walipofika tena kwenye kisanduku cha kwanza, Mchungaji alianza zaburi. Mjane alihisi hasira ikimpanda toka miguuni.

"Nyamaza."

"Mama, tukinyamaza tutapoteza imani."

"Ulisema Mungu alikuonyesha njia hii. Alikwambia saa ngapi? Tangu tuondoke hujafunga mdomo. Angepitia wapi?"

"Nina uchungu kama wewe."

"Huna. Huyo kule chini ya gari anakufa kwa maombi yako. Nyamaza, au rudi."

Mchungaji alifungua kinywa ajibu. Mjane akainua kiganja, wazi, usawa wa bega.

Mchungaji alikitazama kiganja kile. Uso wake ukabadilika. Alikaa chini polepole kwenye mchanga.

"Mkono huo," alisema kwa sauti ndogo. "Kule hospitali."

Mjane naye akauona. Watu kumi na mmoja wamezunguka kitanda, Mchungaji mbele, wote wakiomba kwa kelele, na mumewe anainua kiganja. "Anaabudu! Pazeni sauti!" alisema Mchungaji siku ile, nao wakapaza. Hata yeye mkewe alipaza, akilia, mpaka mkono ukashuka wenyewe na haukuinuka tena.

Sasa hakulia. Hakuwa na maji ya kulilia. Alipiga magoti, akaweka fimbo.

Kwanza alisikia damu yake. Kisha, mbali, upande wa kulia, kitu kama kitambaa kinachochanwa bila kufika mwisho.

Kisanduku kilichofuata, sauti ikakua. Cha tatu, iliuma sikio. Mchungaji alikuja nyuma akinyata, viatu mkononi. Walichimba kwa mikono pembeni mwa zege, kucha zikang'oka, mchanga ukawa mweusi, ukawa tope, kisha maji yakabubujika kwenye shimo, ya uvuguvugu, yenye ladha ya kutu. Mjane alikunywa viganja viwili, akajaza dumu, akakimbia.

Dereva alimeza kijiko kwa kijiko hadi adhuhuri. Siku ya tatu gari la idara ya maji lilifika, likifuata bomba kutafuta mahali presha inapopotelea. Likamkuta hai.

Nyumbani kwa mama mkwe sebule ilijaa ndugu. Walimlaza dereva chumba cha pili. Mjane alimpa mama mkwe begi. Ile fimbo aliishika mwenyewe.

"Mchungaji," alisema mama mkwe, "tuombee."

Mchungaji alisimama, akavuta pumzi. Macho yake yakaangukia fimbo, kisha mwenye fimbo. Mjane hakumsamehe, alimtazama tu, kavu. Mchungaji akaketi.

Watu walisubiri. Mmoja alikohoa, akaacha. Sebule ikatulia, na kupitia ukuta, toka chumba cha pili, wakamsikia mwana aliyebaki akipumua.