Betri Nyepesi ya Fundi Johana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cherotich alipeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika, kisha akarudi kufagia unga wa mbao katika karakana ya baba yake. Waliishi Kaplong, kando ya shamba lao dogo la chai. Baba yake, Johana, alikuwa seremala. Chombo alichokitegemea zaidi kilikuwa drili ya betri, kwa kuwa nyumba nyingi alizofanyia kazi vijijini hazikuwa na umeme.

Mwezi wa Juni, betri hiyo ilikufa. Jumamosi Johana akampa Cherotich pesa za betri mpya.

"Nenda Bomet, dukani kwa Mama Chege," alimwambia. "Usinunue kwingine. Mimi siwezi kutoka, ninamalizia kabati la yule mteja wa Kedowa."

Mama Chege aliuza vifaa vya ujenzi karibu na soko. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakaja kufanya biashara. Johana alikuwa akinunua misumari kwake tangu alipokuwa akijifunza kazi. Mwaka ambao mama yake Cherotich alilazwa hospitalini, Mama Chege alimletea uji kila Jumapili.

Cherotich, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, alikuwa na jambo moyoni. Darasa lake lilikuwa linajiandaa kwa ziara ya Kisumu, na baba yake alikuwa amesema mwaka huu haiwezekani. Kabla hajafika kwa Mama Chege, aliona kibanda chenye betri zilizopangwa mezani. Rangi ilikuwa ile ile, umbo lile lile, na bei haikufika nusu.

"Hizi zina tofauti gani na za dukani?" aliuliza.

"Hakuna," muuzaji akajibu. "Kule unalipia jina tu. Hii hata ina nguvu zaidi. Soma hapo."

Cherotich akasoma nambari kubwa iliyochapishwa ubavuni. Alijiambia kwamba hakuna atakayeumia: baba atapata betri, naye atapata ziara. Akainunua, na pesa zilizobaki akazificha katikati ya daftari.

Johana alipoipokea, aliipimapima mkononi. "Mbona ni nyepesi? Umeitoa kwa Mama Chege kweli?"

"Ndiyo, Baba. Alisema za siku hizi ni nyepesi."

"Basi sawa. Kama amesema yeye, ni sawa."

Siku za kwanza drili ilifanya kazi vizuri. Kufikia Alhamisi ilikuwa inachoka baada ya matundu machache, na betri inakuwa moto kama kikombe cha chai. Johana alidhani drili yenyewe imezeeka. Jumamosi aliiweka betri kwenye chaja ndani ya karakana, wakaenda kula chakula cha mchana. Hawakuwa wamemaliza ugali waliposikia mlipuko. Walipotoka, moshi mweusi ulikuwa unapita mlangoni mwa karakana. Kabati la mteja wa Kedowa, lililokuwa limebaki kupakwa vanishi tu, lilikuwa linawaka. Johana akalishika kulivuta nje, na kiganja chake cha kulia kikaungua vibaya.

Majirani walizima moto kwa maji na mchanga. Kazi ya wiki tatu ilikuwa imeteketea. Hospitalini, Johana alifungwa bendeji na kuambiwa asishike nyundo kwa mwezi mmoja.

Cherotich angeweza kusema ukweli jioni hiyo, au Jumapili baada ya kanisa. Hakusema. Jumatatu asubuhi baba yake akamwambia, "Shule itangoja. Twende Bomet, wewe ndiye uliyeuziwa."

Walikuta wateja wengi dukani. Johana akaiweka betri iliyoungua juu ya kaunta. "Mama Chege, ni nini hiki umeniuzia?"

Mama Chege akavaa miwani, akaigeuza. "Hii si yangu, Fundi. Na Cherotich sijamwona tangu Krismasi."

"Unasema mtoto wangu ni mwongo?"

"Nasema sikuiuza."

Johana akainua mkono wake wenye bendeji ili watu wote wauone. "Watu waliniambia kitambo, nikakataa kusikia. Ninyi watu wa Nyeri mlikuja hapa kutukamua tu. Rudini kwenu."

Mama Chege akavua miwani polepole. "Nilizaliwa hapo nyuma ya soko," alisema. "Kwetu ni wapi, Fundi?"

Cherotich akasogea kwenye kaunta. "Baba, si yeye," alisema. "Nilinunua kibandani. Pesa zilizobaki nilitaka ziwe za kwenda Kisumu." Akazitoa zote kwenye mfuko wa sketi, alikozihamishia kutoka daftarini asubuhi hiyo, akaziweka juu ya kaunta.

Johana hakumpiga wala kumkemea. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kutukana, "Mama Chege, nimekukosea mbele ya watu. Nakuomba msamaha mbele ya watu."

"Nimesikia," akajibu. Alichukua bisibisi, akaifungua betri, akamwita Cherotich karibu. "Si kila betri ya bei nafuu ni mbaya. Hata mimi ninazo ambazo hazina jina kubwa, lakini najua zinakotoka na nimezijaribu. Hii ina seli kuukuu zilizovishwa plastiki mpya. Na hapa palipaswa kuwa na kipande cha kukata umeme betri ikijaa. Hakipo. Nambari ya nje, mtu yeyote anaweza kuichapisha."

Johana akaongeza pesa juu ya zile za Cherotich, akauziwa betri halisi. Mama Chege aliifunga kwenye karatasi na kuwapa, bila kuwauliza habari za nyumbani kama ilivyokuwa desturi yake.

Nje, Johana akaketi kwenye ukingo wa mtaro. "Kabati nitatengeneza lingine mkono ukipona," alisema. "Lakini sikiliza. Uongo ulikuwa wako, na matusi yalikuwa yangu. Siwezi kukubebesha yangu. Ila ukitumwa, nunua ulichotumwa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu asiye na kosa hajaumizwa kwa ajili yako."

Cherotich akafuta machozi. "Baba, ametusamehe?"

"Amesema amesikia. Hakusema amesamehe. Tutamsalimia kila tukipita hapa, na tutangoja."