Ati Nelima Anaita Mvua ya Mawe

Panga ilipasua kibao cha kwanza, kisha cha pili. Nelima alikuwa amepiga magoti kando ya shamba la nyanya kule Ngoliba, akipima mashimo yaliyoachwa kwenye vibao vyake na mvua ya mawe ya jana yake. Alipoinua kichwa, umati wa wanaume ulikuwa unamjia. Mbele yao alikuwa Nzau, kaka ya mchumba wake, macho mekundu kama pilipili.

"Nzau! Kwani kuna nini?"

"Wewe ndio unaitanga hii mawe! Nyanya zangu zote zimelala chini, na wewe umekuja kupima kama fundi wa nguo!"

"Hivi ni vibao vya sponji tu, nimevifunika karatasi ya kung'aa. Jiwe likianguka linaacha alama, na mimi napima. Dunia inazidi kupata joto, Nzau. Tunataka kujua kama mawe nayo yanazidi kuwa makubwa, ndio siku moja muweze kuonywa mapema."

"Kabla ukuje na hivi vitu, tulikuwa tunaona mawe kama haya?"

"Wapi!" umati ukaitikia.

"Basi chomeni! Chomeni na yeye!"

Jiwe lilimgonga begani. Jingine likampasua juu ya jicho, damu ikamwingia machoni. Akasikia harufu ya mafuta ya taa yakimwagwa kwenye vibao. Mtu akamshika nywele na kumvuta.

"Mwacheni! Nzau, nimesema mwacheni!"

Alikuwa Muthoka, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika. Yeye na Nelima walikuwa wafunge ndoa Agosti hiyo ya mwaka tisini na nane. Alipenya umati kwa viwiko, akajitupa juu ya mchumba wake wakati panga ya Nzau ilikuwa tayari hewani.

Ikatua kwenye mkono wake.

"Woi!" Nzau akaangusha panga. "Muthoka! Unamkinga ya nini? Si ni wewe uliniambia? Si ni wewe ulisema hivi vibao ndivyo vinavuta mawe?"

Nelima alijipangusa damu, akamtazama mchumba wake.

"Muthoka?"

Muthoka akainamisha kichwa.

Ngurumo ikapasuka juu yao na mawe yakaanza kumwagika, mengine makubwa kama mayai ya kuku. Umati ukatawanyika, watu wakiziba vichwa kwa mikono. Mbuzi aliyekuwa amefungwa karibu alipigwa akaanguka, hakuinuka tena. Nelima alimkokota Muthoka hadi kwenye banda la ng'ombe, akararua leso yake na kumfunga mkono. Mabati yalipigwa hadi ikabidi wapigiane kelele.

"Kwa nini?"

"Ile nafasi yako ya kusoma ng'ambo! Miaka mitatu, Nelima! Nilijua ukienda hutarudi. Nikaona hii kazi ya vibao ikikwama, hawatakupeleka, utabaki na mimi."

"Kwa hivyo ukaenda kwa mtu amepoteza shamba, ukamwambia mimi ndio nimemmaliza."

"Nilidhani watang'oa vibao tu! Haki ya Mungu, sikujua watachukua panga."

"Ulijua wako na panga, Muthoka. Kila nyumba hapa iko na panga."

Mvua ilipokatika, alimpeleka hospitali Thika kwa pikapu ya jirani. Alikaa naye hadi akashonwa. Nzau alikuja akilia kama mtoto, akaomba msamaha akiwa amepiga magoti sakafuni. Nelima alimwambia ainuke. Alivua pete, akaiweka kando ya mto wa Muthoka, akaenda kwake Mugutha.

Siku chache baadaye simu ya mwenye nyumba wake, Mama Safaa, ililia.

"Nelima, ni mimi. Mkono unapona, lakini vidole viwili havisikii kitu. Mama anauliza kama harusi bado iko."

"Mwambie hakuna harusi."

"Nilikatwa kwa ajili yako!"

"Najua. Nitakushukuru mpaka nife."

"Sasa?"

"Sasa nikilala karibu na wewe, nitalalaje? Siku nyingine ukiogopa kunipoteza, utawaambia watu nini juu yangu?"

"Nakupenda, Nelima."

"Na mimi nilikupenda. Kwaheri, Muthoka."

Aliweka simu chini. Akaketi palepale sakafuni na kulia hadi sauti ikakauka. Mama Safaa alimlaza kichwa mapajani, akimpapasa nywele taratibu, mbali na kidonda.

Simu ikalia tena.

"Mwanangu, nimwambie nini?"

"Mwambie nimesafiri."

"Na ukweli ni upi?"

Nelima alijifuta uso kwa kiganja.

"Ukweli ni huo, mama. Nisaidie kufunga mizigo."