Siku Nahodha Alipoanua Matanga

Kurunzi Kuu ya Muheza ilipowashwa, hakuna jani lililotikisika wala ndege aliyeshtuka. Kilichotokea ni kwamba mkoa mzima majokofu yalinyamaza na mafeni yakasimama, na umeme wote huo, wati bilioni tatu, ukapanda angani kama mwale mmoja wa nuru usioonekana kwa macho. Huko juu mwale ulilipiga tanganuru, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, mpana kuliko viwanja mia vya mpira, nalo likasukumwa.

Likasukumwa kwa nguvu gani? Hapo ndipo wageni walipokuwa wakiangua kicheko. Chukua wati bilioni tatu, gawanya kwa kasi ya nuru, mita milioni mia tatu kwa sekunde, utapata niutoni kumi. Huo ni uzito wa kilo moja ya sukari.

"Umeme wa mkoa mzima kwa kazi ya kilo ya sukari!" aliwahi kuguta mgeni mmoja, akimsikitikia mlipa kodi.

Mhandisi mkuu, Riziki Shekiondo, hakuwa mtu wa kubishana. Alimweleza tu kwamba angani hakuna msuguano, na kilo ya sukari inayokusukuma bila kupumzika itakufikisha Mwezini kabla hujamaliza kuicheka.

Siku ile kilichokuwa kikisukumwa hakikuwa sukari. Chini ya tanga kulikuwa na kijumba cha rubani, na ndani yake alikuwamo Hiza, mdogo wa mume wake Riziki, akielekea Bandari ya Mwezi. Mwale ulitakiwa umpe kasi ya kutosha kabla dunia haijazunguka na kumficha nyuma ya upeo. Kasi ikipungua, angeipita bandari kwa mbali, na hewa yake ingeisha huko huko.

Kulikuwa na jambo jingine. Bi Saumu, mama yake Hiza, aliyeibuni Kurunzi, alifariki Hiza akiwa ameshapaa, na hapakuwa na namna ya kumshusha. Alizikwa mwanawe akizunguka juu ya kaburi. Alasiri hiyo, nyumbani kwa marehemu, jamaa walikuwa wamekusanyika kuanua matanga, waufunge msiba kwa kisomo na dua, kisha kila mtu arudi kwake. Mbwana, mume wa Riziki, aliunganisha redio ya nyumbani na ya kituoni ili mdogo wake naye asikie.

"Shemeji, upo?" Riziki aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Nipo. Nimevaa na kanzu, ila inaelea, inanifunika uso."

"Ishike basi, usitutie aibu mbele ya wakwe. Leo tunaanua matanga."

"Yote?" iliuliza sauti ya upole.

Riziki, macho yakiwa kwenye vipimo, alidhani ni mzee mmoja kule nyumbani anayetaka kujua kama matanga ya wanawake nayo yanaanuliwa leo. "Yote," alijibu. "Leo hii hii."

"Sawa, Mhandisi."

Wazee wa Muheza hawakuwa na desturi ya kumwita Mhandisi. Riziki aliinua kichwa. Mbele yake mshale wa msukumo wa nuru juu ya tanga ulikuwa ukiteremka kuelekea sifuri.

"Shemeji," Hiza alisema, "mbona tanga linajikunja?"

Aliyeuliza "Yote?" alikuwa Nahodha, akili-mashine ya kituoni iliyotunza tanganuru. Bi Saumu aliifundisha mwenyewe, na alikataa katakata kuipa amri za kigeni. Aliifunza Kiswahili cha uani kwake: wingu likitanda, nguo zinaanuliwa kambani. Na kuanua tanga ni kulikunja. Msiba hakuifundisha.

"Tanga lina mapande manne," Nahodha alijieleza kwa adabu. "Ndiyo maana niliuliza kama ni yote."

"Kunjua! Kunjua yote!"

Lakini tanga halikunjuliwi kwa pupa, litachanika. Mapande manne yalipotandazika tena, muda uliobaki kabla Hiza hajazama nyuma ya upeo ulikuwa nusu ya ule uliohitajika, na ushee kidogo tu. Riziki alipiga hesabu, akairudia. Nguvu ile ile, muda nusu, kasi nusu.

"Hiza, haitoshi. Nimekuua kwa mdomo wangu."

Kisha Hiza akaigiza sauti nyembamba ya mama yake, ile aliyowasuta nayo wanafunzi darasani: "Mbili yako iko wapi, mwanangu?"

Riziki alijipiga paji la uso.

Tanga lilikuwa na pande mbili. Siku zote walielekeza kwenye mwale upande mweusi, ambao huifyonza nuru na kuigeuza umeme wa redio, taa na joto. Upande wa pili ulikuwa kioo. Bi Saumu alipofundisha somo hili alirusha embe lililoiva ukutani, likanata pale. Kisha akarusha mpira, ukamrudia. Embe limeusukuma ukuta mara moja, alisema. Mpira umeusukuma ulipofika, umeusukuma tena ulipoondoka. Nuru inayofyonzwa ni embe, inayorudishwa ni mpira. Anayekokotoa kioo bila kuzidisha kwa mbili arudi kwao akaulizwe ile mbili aliiacha wapi.

"Kilo mbili za sukari," Riziki alinong'ona. "Nguvu maradufu, muda nusu. Inatosha, Hiza! Inatosha!" Halafu furaha ikamkatika. "Lakini kioo hakikupi umeme. Jua nalo liko ubavuni, halikusaidii. Betri itaendesha hewa tu. Hutakuwa na taa wala redio."

"Yaani kisomo sitakisikia."

"Hutakisikia."

"Someni tu," Hiza alisema haraka, kwa uchangamfu. "Mama atanielewa. Geuza."

Riziki aligeuza tanga, na sauti ya shemeji yake ikakatika. Kisha akamwita mumewe. "Mbwana, waambie watu wasubiri. Hatusomi bila Hiza."

"Pilau imeshapakuliwa, mke wangu."

"Ipoe."

Mbwana akawatangazia. Kulikuwa na minong'ono, na shangazi mmoja akataka kujua kama na njaa nayo inaweza kuzidishwa kwa mbili. Hata hivyo hakuna aliyeondoka. Walikaa majamvini wakimngoja mtu aliyekuwa gizani angani.

Habari pekee za Hiza zilitoka kwenye nuru yenyewe. Iliyorudi kutoka kwenye kioo ilikuwa ikielekea wekundu, na kadiri ilivyozidi kuwa nyekundu ndivyo tanga lilivyozidi kukimbia. Riziki aliikodolea macho rangi hiyo kwenye vipimo bila kupepesa. Hiza alipokaribia kuzama nyuma ya upeo, Nahodha akatangaza kwamba kasi imetimia, na watu wa kituo wakakumbatiana. Kwa ncha ya mwisho ya mwale tanga likajigeuza lenyewe kwa saa iliyopangwa, upande mweusi mbele, likashiba umeme wa kufika nao bandarini. Bandari ya Mwezi ikayapokea mawimbi ya redio yake na kuyarusha hadi Muheza.

"Shemeji," ilisema sauti nzito, iliyochakaa.

"Hiza! Umeumia?"

"Hapana. Nimelia." Alipumua. "Tangu mnipe habari sikuwahi kulia. Huku kila pumzi inasikilizwa. Rubani akilia, Nahodha anaandika hitilafu, na nyie mnakusanyika kunijadili. Nikawa nawachekesha. Leo redio ilipozimika, kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa ananisikia. Nimemlilia mama mpaka nimeishiwa nguvu. Mmeshamaliza kusoma?"

"Hatujaanza. Tunakungoja wewe."

Hapo Hiza akaanza upya, kwa kwikwi, safari hii majamvi yote ya Muheza yakimsikia. Shangazi mwenye njaa akawa wa kwanza kumwitikia kwa kilio, kisha nyumba nzima, na Riziki akajikuta ameuinamia mtambo wake, machozi yakimtiririka.

"Mhandisi," Nahodha aliuliza taratibu, "pumzi ya rubani imevurugika. Niandike hitilafu?"

"Usiandike kitu, Nahodha," Riziki alisema. "Haya ndiyo matanga yenyewe."